Nyuzi Tisini na Saba

Saa saba usiku, Dunga imelala,
na mimi niko mzunguko wa mwisho,
gari langu jekundu limebakisha kona moja,
mashine inapoanza kuguna.
Kwanza mluzi. Kisha ngurumo.
Kisha Mama Apondi, chumba cha pili, anagonga ukuta:
"We Ochola, unasaga mahindi saa hizi?"
Nyuzi tisini na saba, kioo kinasema,
na kabla sijamjibu jirani
giza.
Nimeshindwa na mtu nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua,
naye hatajua kamwe kwamba ni joto lililomshindia.

Mchana nauza mabati Kibuye.
Joto nalijua: najua bati la saa nane
linavyolia tik, tik, likijinyoosha juani.
Nikasema, hili nitalimaliza mwenyewe.

Nikakiinua kipakatalishi kwa vifuniko vinne vya soda.
Nyuzi tisini na tano.
Nikakiweka sakafuni, saruji ina ubaridi wake,
nikacheza kifudifudi kama mtu anayetafuta sindano.
Tisini na nne, na shingo ikakataa kazi siku mbili.
Nikapunguza mapambo ya picha: miti ikawa vijiti,
watazamaji wakapoteza nyuso,
barabara ikabaki barabara.
Tisini na tatu.
Mtu hawezi kushangilia nyuzi moja moja.

Basi nikafungua dirisha.
Upepo wa ziwa ukaingia, mtamu, wa bure,
ukageuza kurasa za daftari la madeni,
na kwa wiki nzima nikajiona mganga.
Kisha ngurumo ikarudi, na wenzake.
Tisini na saba. Tisini na tisa.
Kibonyezo cha herufi W kikawa jiwe la jikoni.

Awuor ana kibanda Kondele, kati ya kinyozi na muuza mitumba.
Hakuniuliza ni mchezo gani.
Alikigeuza kifudifudi, akakinusa.
Ndiyo, akakinusa, kama mtu anunuaye samaki,
akachukua bisibisi nyembamba.
Skrubu kumi na moja alizipanga juu ya gazeti
kwa umbo lile lile zilivyokaa,
kila moja na duara lake la kalamu.
Akafunua.

Sikuona feni. Niliona blanketi.
Kijivu, laini, limejikunja kwenye matundu ya shaba,
na alipolivuta kwa kibano likaja zima,
lina mabawa.
Usubi. Usubi wa ziwa, elfu kwa elfu,
wale wanaopanda angani kama moshi asiye na moto,
wamefuata mwanga wa gari langu jekundu
wakavutwa ndani, mmoja mmoja, na pumzi ya feni.

"Ulikuwa unafungua dirisha?"
"Ili ipoe."
Alicheka mpaka kinyozi akasimamisha mashine.
"Kikulacho ki feni mwako, kaka."

Chini ya feni, gundi ya kijivu ilikuwa imekauka,
imepasuka kama matope ya Nyando mvua ikichelewa.
Akaifuta kwa pamba na spiriti, polepole,
jinsi mtu anavyomfuta mtoto macho,
akadondosha mpya, kiasi cha punje ya choroko.
"Ukiweka nyingi unaivisha shuka."
Mia nane, na ushauri bure:
chandarua dirishani, au uchague, upepo au mchezo.

Skrubu kumi zilirudi. Moja ilibaki ndani ya duara lake.
Tukaitazama wote wawili.
Akaitia kwenye kopo lenye nyingine nyingi.

Usiku huu nyuzi sitini na nane.
Kipande cha chandarua kimepigiliwa kwa misumari ya mabati,
usubi umejaa upande wa pili, unanong'ona.
Feni haisikiki. Mzunguko wa mwisho, kona moja imebaki,
na katika ule ukimya nasikia, mara ya kwanza tangu nihamie,
kiboko anakata majani nyuma ya choo,
kwa taratibu, krap, krap,
nikageuza kichwa kusikiliza,
na gari langu likaenda moja kwa moja ukutani.